Benchi la Usawa

Siku redio ilipotangaza kwamba viongozi wote wa serikali mpya wataachana na makochi na kukalia mabenchi ya mbao, fundi wa makochi alipiga makofi mpaka chai ikamwagika mezani.

"Umesikia, Mama?" alimwambia mama mkwe wake. "Hakuna tena kiti cha kuzunguka. Hakuna tena mito. Kiongozi atakaa kwenye ubao mkavu mpaka mwananchi wa mwisho apate pa kukaa. Wenyewe wanaliita Benchi la Usawa."

Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa meza, redio ikiwa kati yao kama mpaka wa nchi mbili. Alikuwa shabiki wa serikali iliyotoka, na hakuona sababu ya kuficha. Walikuwa wezi, alikiri, lakini alikuwa amewazoea. Alipunguza sauti ya redio, akamtazama mkwewe kwa huruma ya kweli.

"Baba," alisema, maana hata akimpiga kijembe alimwita baba, "wewe kazi yako ni nini?"

 Kazi ya fundi ilikuwa kuvisha makochi sponji na ngozi, na kwa miaka minane mteja wake mkubwa alikuwa ofisi ya wilaya. Hapakuwa na mkubwa pale ambaye hakukalia kazi ya mikono yake. Wateja wengine walikuwa wa kuokoteza: huyu na stuli yake, yule na kiti cha pikipiki kilichochanika. Kwa hiyo alipokuwa akicheza barabarani siku ya matokeo, mpaka kiatu kikakatika mkanda, alikuwa akicheza kwenye mazishi ya kibanda chake mwenyewe, na ndiyo kwanza habari ilikuwa inamfikia.

"Kazi itapatikana," alisema mwishowe. "Muhimu ni nchi."

"Sawa. Basi mchana utakula nchi," mama mkwe akajibu, akaongeza sauti ya redio.

Mkewe fundi, ambaye alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati na asubuhi zote alikuwa na haraka, alifuta chai iliyomwagika, akatoka bila kuunga mkono upande wowote.

Wiki zile mambo yalibadilika mpaka watu wakaogopa kusinzia wasije wakaamka mtaa una jina jingine. Wizara ya Fedha ikawa Wizara ya Jasho la Wananchi. Lango la ofisi ya wilaya, lililokuwa la kijani, likapakwa bluu, na ilipogundulika kwamba bluu ile inafanana na ya chama kilichotoka, likapakwa kahawia. Kiongozi hakuitwa tena Mheshimiwa bali Ndugu Mtumishi, ingawa ukimwita hivyo, mlinzi alikukazia macho kukuuliza kama uko timamu. Juu ya yote kikaja kijitabu kiitwacho Mapendekezo Thelathini, kikagawiwa nyumba kwa nyumba ili wananchi wajadili na kutoa maoni kabla mambo hayajawa sheria.

Mama mkwe alikiweka chake chini ya sufuria ya moto. Fundi alikisoma chake kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Lililomgusa kuliko yote lilikuwa pendekezo la saba: makochi yaliyotolewa maofisini yapelekwe zahanati, wagonjwa wakae vizuri wakisubiri zamu. Kila Jumatano mama mkwe wake alikwenda zahanati kwa ajili ya nyonga, akakaa nusu ya siku juu ya benchi lenye msumari uliochomoza, na kila Jumatano alirudi akiburuta mguu kuliko alivyokwenda. Fundi hakuwa mtu wa kumwambia mama mkwe maneno matamu, lakini hali ile ilimuuma.

"Hili ni lako kabisa, Mama," alimwambia. "Makochi yale nimeyavisha mwenyewe. Utakalia sponji ya mkweo."

"Yako wapi sasa hivi?"

"Bohari. Yanasubiri kamati."

"Na kamati inasubiri nini?"

"Kuteuliwa."

Mama mkwe akacheka mpaka akashika nyonga. "Baba, kubadili majina na kupaka rangi malango ni kumnyoa mgonjwa. Anapendeza, lakini homa iko palepale."

"Wapeni muda! Wale wenu mliwapa miaka ishirini."

"Hawa hawafiki hata miezi miwili kwenye ubao. Makalio ya wakubwa nayajua mimi. Yamezoea."

Hapo fundi alipandwa na mori, akapiga meza. "Watavumilia! Siku mkuu wa wilaya hii akirudi kwenye sponji, nitasimama mbele ya kadamnasi niseme mama mkwe wangu alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa juha."

"Mwanangu, umesikia?" mama mkwe alimgeukia binti yake. "Wewe ni shahidi."

"Mimi sina chama," binti alijibu akiwa ameinamia jiko. "Mimi nina sufuria."

*

Mwezi wa kwanza haukuleta kochi hata moja. Fundi alifika kibandani kila asubuhi, akafagia pasipo uchafu, akapanga mikasi kwa ukubwa, kisha akaipanga upya kwa udogo. Kinyozi wa kibanda cha jirani, ambaye hakuipigia kura serikali yoyote kwa sababu siku ya uchaguzi alikuwa na wateja wengi, alimfariji kwa namna yake.

"Usijali, fundi. Mimi wakitangaza viongozi wafuge nywele, tutakaa wote hapo nje."

Mwishowe fundi alichukua robota la sponji nene, la daraja la kwanza, alilokuwa amelitunza kwa ajili ya kochi la mkuu wa wilaya aliyetoka. Akalikatakata vipande vya kuoshea vyombo, akavipanga kwenye beseni mbele ya kibanda. Mteja wa kwanza alikuwa mama mkwe wake. Alichagua kwa makini, akaminya hiki, akanusa kile, akaondoka na viwili. Mchana ule aliosha vyombo nje, mahali pa wazi, na kila jirani aliyepita alielezwa kwamba sufuria hii inasuguliwa kwa sponji ya kiserikali.

Fundi alimeza. Alizidi kutetea. Kwenye kibanda cha kinyozi alibishana na watu wanne kwa mpigo kuhusu Wizara ya Jasho, akiwa na njaa, na akashinda.

Siku ya pili yake akaja katibu wa mkuu wa wilaya. Aliegesha gari mbali, akatembea kwa miguu hadi kibandani, akachungulia nyuma kabla ya kuingia.

"Fundi, unaweza kutengeneza benchi la mbao?"

"Hapo umepotea njia. Nenda kwa seremala."

"Seremala ameshatengeneza. Hilo ndilo tatizo." Katibu alijishusha taratibu kwenye kochi bovu lililokuwa pembeni, kama mtu anayeingia kwenye maji ya moto. Akafumba macho kidogo. "Mkuu ana mgongo."

"Kila mtu ana mgongo."

"Wake una cheti cha daktari." Alisogea karibu. "Tunataka benchi la mbao ambalo si la mbao. Likitazamwa, mbao. Likigongwa, mbao. Likikaliwa..." Alibonyeza kochi kwa kidole, kidole kikazama. "Mabenchi mawili. Marefu, kila moja watu wanne."

"Kwa hiyo wote wanane mna migongo?"

"Utumishi wa umma ni mzigo mzito, fundi."

Fundi alihisi damu ikimpanda kichwani. Alitamani kumtoa yule bwana kwa mkasi mkubwa. Lakini alijikuta akisema atafikiria, na aibu ya kusema hivyo ilimfuata mpaka nyumbani, ikakaa naye kwenye chakula.

Alimweleza mkewe uani, akinong'ona, mama mkwe akiwa ndani na redio yake.

"Siwezi," alisema. "Nimebishana na mtaa mzima. Nimeapa mbele ya mama yako. Leo nikawavishe sponji kwa mikono yangu mwenyewe?"

Mkewe alikuwa anaanika nguo za shule za watoto. Aliinua kiatu cha mdogo, akakigeuza. Soli ilikuwa imeachana na kiatu, inacheka.

"Ukikataa wataenda kwa fundi wa mtaa wa pili," alisema bila ukali. "Watakalia sponji yake. Sisi tutakalia maneno yako. Yana ulaini gani?"

"Na mama je?"

"Mama asiambiwe."

*

Alifunga kibanda siku nne, mchana kweupe, na kubandika karatasi mlangoni: DAWA YA MCHWA, USIINGIE. Kinyozi aliziba pua siku zote nne na kulalamika kwamba harufu inamfukuzia wateja.

Ndani, fundi aliumia na kufurahi kwa wakati mmoja. Alitengeneza fremu ya mbao ngumu yenye kina, kama sinia refu. Ndani ya sinia akajaza sponji mpaka usawa wa ukingo, akaivuta juu yake ngozi ya bandia yenye rangi na mistari ya mbao, akaipigilia pini kwa chini ambako jicho halifiki. Ukingo wa mbele aliuacha ubao mtupu, kwa ajili ya anayetaka kugonga. Mafundo ya mbao aliyachora kwa brashi, moja moja, na katikati ya benchi la kwanza akachora ufa mdogo wa kutia huruma. Alipolijaribu likatoa pumzi, fyuuu, kama mtu aliyechoka. Akalipindua, akalitoboa matundu ya hewa kwa chini. Likanyamaza.

Hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile tangu aanze ufundi, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Sifa zikaenda kwa mwingine. Wiki iliyofuata mji mzima ulikuwa unamzungumzia mkuu wa wilaya. Watu waliokwenda kwake na shida zao walirudi wamesahau shida, wanasimulia benchi. Anakaa kutwa nzima! Hajigeuzi, halalamiki, mtu mnene vile, juu ya ubao wenye ufa! Kinyozi akabandika picha ya mkuu juu ya kioo.

"Fundi, nakuomba radhi," alisema. "Nilidhani ni maigizo."

Fundi alijibu kwamba hakuna neno, akaingia kibandani kwake na kujifanya anatafuta nyundo. Lakini kilichomvunja zaidi kilimkuta mezani kwake. Mama mkwe alizima redio katikati ya taarifa ya habari, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kuliona.

"Baba," alisema polepole, "nimekuwa nikifikiri. Mtu mzima yule, wiki ya saba sasa. Kumbe yawezekana mkubwa akaumia kama sisi. Pengine niliwahukumu vibaya. Na wewe nilikukosea, nilikucheka na njaa yako."

Tonge likamkwama fundi kooni. Mkewe alimpiga mgongoni kwa kiganja, mara tatu, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Kunywa maji," alisema. "Na usiseme kitu."

*

Siku ya kutoa maoni juu ya Mapendekezo Thelathini, uwanja wa ofisi ya wilaya ulijaa asubuhi na mapema. Viti vya wananchi havikutosha, kwa hiyo mkewe fundi alikuwa ameamriwa kuazima mabenchi yote ya zahanati. Wagonjwa wa siku ile walisubiri wamesimama. Mbele, chini ya turubai, yaliwekwa mabenchi mawili ya mkuu, yanang'aa vanishi.

Katibu alipita kwenye safu akitafuta mzee wa kukaa na viongozi. Hakutaka mzee yeyote tu. Alitaka mpinzani aliyeongoka, watu wamwone. Kinyozi alimwonyesha mama mkwe. Katibu hakujua ni mama mkwe wa nani.

"Mama, njoo ukae na Mkuu. Tutabanana, ni mbao tu lakini."

Fundi aliruka kutoka safu ya nne. "Mama, usiende! Nyonga yako! Chukua kiti changu mimi, kina mgongo!"

"Baba, acha wivu," mama mkwe alisema. "Kama Mkuu anaweza, na mimi nitajikaza."

Akapelekwa mbele, watu wakipiga makofi. Alishika ukingo wa benchi, akauma meno kama afanyavyo kila Jumatano, akajishusha.

Uso wake ukabadilika. Kwanza ulishtuka, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Alijiinua kidogo, akajishusha tena. Alipapasa chini ya upindo wa gauni lake. Alikuna mchoro wa fundo kwa ukucha. Kisha akainua macho, akayapitisha juu ya vichwa vya watu, moja kwa moja hadi safu ya nne.

Fundi alijua yamekwisha. Nyumba nzima ile hakuna aliyejua kazi ya mkono wake kama mwanamke yule, aliyesugulia sufuria sponji ya aina ile ile. Alisimama. Alikuwa ameapa.

"Ndugu wananchi," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "nina neno. Mama mkwe wangu..."

"Kaa chini, baba," mama mkwe alisema kutoka mbele. "Sasa ni zamu yangu."

Watu wakacheka. Fundi akakaa. Mama mkwe akapewa kipaza sauti.

"Mimi nilikuwa napinga," alianza. "Huo ni ukweli na majirani wanaujua. Leo nimekaa kwenye benchi hili na nimeelewa mengi."

Mkuu wa wilaya akatabasamu. Katibu akaandika.

"Pendekezo la saba linasema wagonjwa wa zahanati wapate pa kukaa. Makochi yako bohari, yanasubiri kamati. Sawa, tutasubiri. Mimi siombi makochi. Naomba mabenchi haya mawili. Haya haya ya mbao."

Tabasamu la mkuu likabaki mahali pake, lakini macho yakaondoka. "Mama, haya ni mabenchi ya kawaida tu. Hayana thamani."

"Ndiyo maana naomba. Ningeomba cha thamani, ningeonekana nina tamaa."

"Na sisi tutakalia nini?"

"Ya zahanati, haya waliyokalia watu. Nayo ni mbao vilevile." Aligeukia uwanja. "Au kuna tofauti, ndugu zangu?"

"Hakuna!" uwanja ukaitika.

Mkuu alimtazama katibu. Katibu alitazama viatu vyake. Wote wawili walikuwa wanaijua tofauti vizuri sana, mpaka unene wake kwa inchi, lakini atakayeitaja ndiye atakayeulizwa ameijuaje.

"Hakuna tofauti," mkuu alisema, na sauti ilimtoka kwa shida.

"Basi tubadilishane sasa hivi, watu wauone usawa."

Vijana wakanyanyua mabenchi yaliyokuwa chini ya turubai huku wakishangaa wepesi wake. Mkewe fundi, karani asiye na chama, alikuja mbele kuonyesha benchi gani la zahanati liletwe. Alipita kwenye safu bila haraka, akagusa hili, akaruka lile, akasimama mbele ya benchi moja fupi la ubao mmoja.

"La Mkuu liwe hili," alisema. "Mimi kila siku nipo nalo, nalijua."

Mkuu wa wilaya akakaa. Akashtuka, akasogea kushoto. Msumari ulikuwa umeshafanya kazi yake.

"Tulikuwa kwenye la saba," mama mkwe alisema kwenye kipaza sauti, amesimama, ameegemea nguzo ya turubai. "Yamebaki ishirini na matatu. Naomba yasomwe yote, neno kwa neno, na polepole. Wengine tuna umri."

*

Walirudi nyumbani jioni, wamepitia zahanati kwanza kuhakikisha mabenchi yamefika. Mama mkwe alikuwa ameyajaribu yote mawili. Fundi alitembea kando yake, akitafuta pa kuanzia.

"Mama, nisamehe. Nilikuwa juha, na nimekudanganya tukiwa nyumba moja."

"Sponji ile ni inchi ngapi?"

"Nne."

"Ungeweka sita," alisema. "Ukingo wa mbele unakata paja kidogo. Lakini ufa ule uliouchora, baba, niliuonea huruma kweli."

Fundi akacheka, na macho yakamjaa machozi, akasingizia vumbi. Kabla hajajibu, walisikia viatu nyuma yao. Alikuwa katibu, anakuja nusu anakimbia nusu anachechemea, mkono mmoja kiunoni.

"Fundi! Mkuu anasema mawili mengine. Kama yale yale. Kabla ya Ijumaa, hali ni mbaya."

Fundi akatikisa kichwa. Alikuwa ameshaamua uwanjani, wakati wa pendekezo la kumi na mbili. "Mwambie nimeacha. Nimechoka kudanganya watu. Atafute fundi mwingine."

"Usimkatize mgeni," mama mkwe alisema. Akamgeukia katibu kwa upole mkubwa. "Mwanangu, mkutano mwingine wa maoni ni lini?"

"Mwisho wa mwezi, Mama. Utahusu shule."

Mama mkwe akamshika mkwewe mkono, wakaendelea kutembea.

"Basi tengeneza, baba," alisema. "Ila miguu yake ipunguze, ili miguu ya watoto ifike chini."